Barua Husomwa Jumapili

Msinione nimekaa kimya mkadhani sina la kusema. Ninalo. Tangu Operesheni Vijiji itulete hapa tukapangwa kwa mistari, nyumba kwa nyumba, kila mgeni akifika huambiwa, "Yule mzee pale, Antipasi, ndiye aliyemnyima shule mtoto wa Marietha." Wanasema na mimi nasikia, masikio yangu bado mazima. Haya, leo nasema mwenyewe. Kunicheka mtanicheka nikimaliza.

Mwaka ule ulikuwa wa tano tangu Uhuru. Tulikuwa bado tunakaa kila mtu na tembe lake, huyu bondeni, yule mlimani, na mimi nilikuwa katekista wa kigango. Padre alikuja mara moja kwa miezi miwili, akipata gari. Jumapili zote nyingine ibada ilikuwa yangu, na kuzika kulikuwa kwangu. Watu waliniita Mwalimu ingawa darasa nililofikia ni la tatu, tena la tatu lenyewe la kusukumwa.

Pale kigangoni palikuwa na shule ndogo ya misheni, mwisho darasa la nne. Aliyefaulu mtihani wa la nne alikwenda la tano kule misheni kwenyewe, mwendo wa saa sita kwa miguu, akalala bweni. Sista Mkuu ndiye aliyesimamia shule zote mbili. Kila mwezi alipiga chapa barua moja kwa wazazi, habari za shule na mambo ya kukumbushana: watoto waoge, watolewe funza, kila mmoja aje na jembe lenye mpini, wavulana wasizuiliwe nyumbani kuchunga. Kigango kimoja, barua moja, ndani ya bahasha iliyogundishwa vizuri. Wazazi wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo msomaji nilikuwa mimi.

Sasa sikilizeni kanuni ilikotoka, maana hapo ndipo watu wanaponisingizia kwamba niliitunga kwa roho mbaya. Mwaka mmoja nyuma barua ilikuja na habari kwamba kuna nguo za msaada, wazazi waende misheni kuchukua. Ilifika Jumatano. Nikaifungua palepale, nikawaambia waliokuwa karibu, na wa karibu wakatimua mbio. Jumapili watu wa bondeni wakaja kusikia habari, nguo zimekwisha zamani. Lo! Siku ile nilivutwa kanzu mbele ya msalaba. Gasto mwenye duka alipigwa fimbo ya bega kwa sababu mke wake alikuja kanisani na koti jipya.

Basi tukakaa baraza la kigango na mimi nikatoa shauri. Barua ya shule ikifika, iwekwe altareni, isifunguliwe na mtu yeyote mpaka Jumapili, wote wakiwapo. Wote wakaitikia, na Gasto akaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, bega bado linamuuma. Kwa mwaka mzima hatukugombana tena. Na niseme ukweli, niliipenda kanuni ile. Nilipenda kuichana bahasha mbele yao, watu wakiwa kimya, akina mama wamenyoosha shingo. Sijawahi kuwa na kitu kingine duniani ambacho watu walikingojea kutoka mkononi mwangu.

Marietha alikuwa mjane. Mume wake aliumwa na nyoka akiwa anakata miti ya zizi, akamwachia mtoto mmoja wa kike, Febronia. Mtoto yule alichelewa kuanza shule kwa sababu ya kuchunga mbuzi za baba yake mkubwa, Manase, kwa hiyo la nne alilimaliza ana miaka kumi na mitano. Lakini kichwa! Mimi mwenyewe nikikwama kwenye neno refu la waraka wa Jumapili, nilimwita pembeni kabla ya ibada akanisomea. Hakuwahi kumwambia mtu.

Huyo Manase alikuwa na yake. Mgane mmoja wa Sekenke, Simoni, mtu wa kuokoteza dhahabu kwenye mashimo ya zamani, alikuwa ameleta posa na ng'ombe wako tayari. Marietha alilia, akapiga magoti mbele ya wazee wa ukoo, mpaka wakamlegeza shemeji yake. Manase akasema neno moja mbele yao wote: "Jina lake likitoka kabla shule hazijafunguliwa, aende akasome, sitamzuia. Lisipotoka, ng'ombe naingiza zizini." Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, tarehe kumi na saba Januari. Kigango kizima kilijua habari hiyo. Na mimi niliijua, msidhani sikuijua.

Barua ya Januari ililetwa na Gaspari, mpanda baiskeli wa misheni, Jumatatu tarehe kumi. Mwalimu wa shule yetu alikuwa kwao Iramba kwa likizo, hivyo Gaspari alinikabidhi mimi, akageuza baiskeli upesi maana mvua ilikuwa imefunga. Nikaipeleka altareni, nikaibana chini ya kinara cha mshumaa.

Kesho yake asubuhi Marietha huyo mlangoni, kibuyu cha maziwa mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu."

"Milele amina, mama. Karibu."

"Nimesikia barua imekuja. Nifungulie tu uangalie kama jina la mtoto limo. Usinisomee mengine."

Nikatazama kile kibuyu. Damu ikanipanda. Nikaona, huyu ananihonga! Mimi, katekista, kwa maziwa! Sasa hivi najua alikuja na maziwa kwa sababu hakuna mtu wa kwetu anayekwenda kwa mkubwa mikono mitupu asubuhi. Siku ile sikujua, au sikutaka kujua.

"Mama Febronia," nikamwambia, "barua husomwa Jumapili. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Rudi na maziwa yako."

Akarudi nayo. Mke wangu, Anastazia, alikuwa jikoni anasonga ugali, akatoka na mwiko mkononi. "Wewe mwanaume una akili kweli? Mtoto wa watu anaozwa, wewe unalinda karatasi! Kafungue!"

"Nyamaza, mambo ya kanisa hayo."

"Kanisa gani? Kanisa ni wewe na kiburi chako!"

 Jioni nilikula ugali mkavu, mlenda alijipakulia peke yake.

Ijumaa Marietha akaja tena, safari hii na Febronia. Binti akanipigia goti, "Shikamoo, Mwalimu," kisha akawa anatazama vidole vya miguu yake. Mama yake akazungumza Kinyaturu, taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Akasema shemeji ameanza kukata miiba ya kupanua zizi. Akasema, kama jina halimo, bora ajue leo alie amalize. Roho ikaniuma. Naapa iliniuma. Nikawaambia wakae, nikaenda kanisani peke yangu, nikaishika ile bahasha na kuiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kwa juu palikuwa pameandikwa KWA WAZAZI WOTE. Kidole gumba kilikuwa tayari kwenye ukingo wa karatasi.

Nikasikia mtu anakohoa. Gasto alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kujikinga na manyunyu. Akaniangalia mimi, akaiangalia barua, akatabasamu. Nilimsikia tayari anavyosema dukani, akipima chumvi: Mwalimu anawafungulia barua anaowapenda. Nikairudisha chini ya kinara. Nikatoka, nikamwambia Marietha, "Vumilia, mama, ni siku mbili tu. Kama limo, limo. Haliwezi kufutika." Nilimwambia hivyo, kwa mdomo huu huu.

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje. Tulisali, tukaimba, ukafika wakati. Nikachana bahasha. Nikasoma kama kawaida yangu, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa waliosimama mlangoni. Watoto walikula vizuri sikukuu ya Noeli, Sista anashukuru kwa maharage. Wazazi wa bondeni wanakumbushwa kwamba nguo ya shule si ya kulalia wala ya kuchungia. Watu wakacheka, wakapigana viwiko. Funza. Majembe. Mtoto mwenye kikohozi asifichwe. Nikageuza karatasi.

"Habari ya mwisho," nikasoma. "Katika kigango chenu amefaulu mmoja, ni Febronia binti wa marehemu Anselm. Tumefurahi sana. Aletwe na mzazi wake, na blanketi na jembe, kabla ya Jumamosi tarehe kumi na tano, saa sita mchana. Waliofaulu ni wengi kuliko vitanda. Asiyefika siku hiyo, nafasi yake atapewa anayefuata."

Nilikuwa nimekwisha kuyasoma yote kabla sijayaelewa. Akina mama walikuwa wameanza kupiga vigelegele kwa lile jina, vikakatika kimoja kimoja. Marietha alisimama.

"Mwalimu, leo tarehe ngapi?"

Alijua. Kila mtu mle ndani alijua. Nikasema, "Kumi na sita, mama."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alichukua kanga yake, akamshika binti mkono, wakatoka, na mimi nikavua kanzu na kuwafuata bila kufunga ibada. Anastazia alitukimbilia njiani na blanketi letu la kitandani na jembe la shambani kwetu. Tukatembea mvuani, matope mpaka magotini, wao mbele mimi nyuma. Mara mbili nilijaribu kusema neno, Marietha akaongeza mwendo. Febronia ndiye aliyegeuka kunipa mkono tulipovuka korongo, maana niliteleza.

Tulifika misheni saa kumi na moja jioni. Sista Mkuu alitoka barazani, akatutazama tulivyolowa, akatazama jembe, akaelewa. Akashika mashavu.

"Nilingoja," akasema. "Jana mchana nikangoja, nikangoja mpaka jioni kabisa. Kuna mtoto wa Manyoni alikuja na baba yake kwa treni na lori, wakakaa hapa kwenye ngazi tangu asubuhi. Jioni nikampa kitanda. Ameshalala pale usiku mmoja, nimwambie nini?"

Nikapiga magoti kwenye lile tope. Nikamwambia kosa ni langu, mtoto alale chini, alale jikoni, mimi nitaleta mtama, nitaleta kuni kila mwezi. Sista akasema Serikali imeandika watoto arobaini tu na mkaguzi huja kuhesabu. Nikauliza kama anaweza kurudia la nne. Akasema hairuhusiwi, na umri nao umepita.

"Lakini Mwalimu, barua niliituma mapema makusudi. Gaspari aliniambia ilifika Jumatatu. Mlikuwa na siku tano."

"Sisi husoma Jumapili, Sista."

"Kwa nini Jumapili?"

Nikaanza kumweleza habari ya nguo za msaada na bega la Gasto. Niliishia katikati. Yeye alinisikiliza kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko fimbo. Tulipewa uji, tukalala kwenye banda la wageni, alfajiri tukarudi. Febronia alibeba blanketi kichwani njia nzima, halikufunguliwa.

Nilikwenda kwa Manase. Nilimwambia jina lilitoka, tena lilitoka kabla ya shule kufunguliwa, kwa hiyo sharti lake la kuingiza ng'ombe halijatimia. Akacheka. "Jina limetoka, mtoto yuko wapi? Yuko kwangu." Ng'ombe walikuwa zizini tangu jana yake. Nikaenda kwa wazee wa ukoo mmoja mmoja. Kila mmoja aliniuliza swali lile lile, kwa nini sikuifungua. Maji yakimwagika hayazoleki, wakasema, wakaniletea kigoda nikae, kama msiba.

Simoni alikuwa Mkristo, hakutaka kumchukua mke bila kanisa. Alitaka mambo yaende kwa utaratibu, na utaratibu wetu ni kwamba ndoa hutangazwa Jumapili tatu mfululizo, na mtangazaji ni katekista. Nilimwandikia Padre kumwomba anitumie mtu mwingine. Padre akajibu kwamba hana mtu mwingine.

Jumapili ya kwanza nilitangaza. Ya pili nikatangaza. Marietha alikuwa kwenye benchi lake la siku zote, la tatu kutoka mbele, Febronia kando yake na kitambaa kipya kichwani alichonunuliwa na Simoni. Jumapili ya tatu nikasoma majina yao kwa mara ya mwisho, kisha nikauliza kama tunavyouliza: mwenye kujua kizuizi chochote cha ndoa hii, na aseme sasa.

Marietha alisimama. Kanisa zima likageuka. Manase, aliyekuja siku ile kuhakikisha mambo yake, akainua fimbo yake kidogo.

"Mimi nimeshasema kwa kila mtu," Marietha akasema. "Ni wewe hujasema, Mwalimu. Wewe hujui kizuizi?"

Padre alikuwa amenieleza vizuizi vyote katika barua yake, kimoja kimoja: undugu wa damu, ndoa nyingine, kiapo. Nilivijua kwa moyo. Nikavipitia kichwani, nikitafuta kimoja tu cha kumfaa mtoto yule, na Gasto alikuwa ananitazama, na Manase, na watu wote wa bondeni na wa mlimani. Ningeweza kusema mtoto hataki. Hicho nacho kilikuwamo baruani, Padre alikitaja cha mwisho. Ningemwita tu nimuulize mbele yao.

"Sijui kizuizi, mama," nikasema. "Kaa chini."

Akakaa. Febronia akamsogezea mama yake nafasi kwenye benchi, na mimi nikaanzisha wimbo wa kumaliza.