Anwani ya Chiriku

Mdogo wangu tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Siku ile aliingia kwa mlango wa nyuma, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanitazama nikichambua mchele bila kusema neno. Nikajua kuna jambo.

Lilitoka kidogo kidogo. Chuo kimemkubali. Msaada wa masomo ameuomba, na bila huo chuo atakiona kwenye picha tu. Sasa ofisi ya msaada inataka barua ya mwenyekiti wa mtaa, yenye sahihi ya mwenye nyumba, ya kuthibitisha kwamba mlezi wake anakaa kweli kwenye anwani ya kudumu aliyoijaza. Mlezi ni mimi. Baba na mama tulishawazika. Mwisho wa kupokea barua ni Ijumaa.

"Uliandika anwani gani?" nikamuuliza.

Akaonyesha sakafu kwa kidole. "Hii."

Nikaweka ungo chini. Hii ni nyumba ya watu. Mimi hapa ni dada wa kazi; mtoto wa mwisho nilimpokea akitambaa, na sasa ameshajua kunidanganya. Nikamwambia Chiriku amekosa adabu kuandika nyumba ya watu bila kuomba, aende akabadilishe. Akasema ukishatuma haibadiliki. Labda aombe upya mwakani, na nafasi yake ya chuo haitamngoja.

"Kwani wewe ungeandika wapi, dada?"

Nikafikiri. Kile chumba tulichopanga baada ya msiba, chenye paa linalovuja. Kwa shangazi, tulikolala sebuleni mpaka mumewe akatuchoka. Vyumba vingine ambavyo sikumbuki hata milango yake ilitazama wapi. Bweni. Barua zake zote za shule zilikuja hapa, na sare zake nilizifulia hapa. Pengine pote palihama, pasipohama ni hapa nilipoajiriwa. Nikarudi kwenye mchele.

Kuna kitu Chiriku hakukijua. Wiki iliyopita nilikuwa nimemwambia mama mwenye nyumba kwamba mwisho wa mwezi naondoka. Kuna mshonaji mmoja upande wa pili wa mji, mwanamke asiyependa maneno mengi, ambaye nilikuwa nikienda kwake kila siku yangu ya mapumziko. Aliniona nikitia kola ya shati, akaigeuza huku na huku, akasema mkono wangu umetulia, nije nikae kwenye cherehani ya pili. Mimi niliishia shule ya msingi ili Chiriku aendelee. Sijutii. Lakini safari hii mikono yangu ilikuwa imepata pa kwenda.

Mama mwenye nyumba si mtu mbaya, na ninaliandika hilo nikiwa na akili zangu. Niliposema naondoka alinuna kidogo, kisha akaanza kuulizia msichana mwingine. Jioni hiyo nilimkuta akikunja soksi za watoto, nikamweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho, akacheka, akasema huyo Chiriku angemwambia mapema angalau wangefyeka majani ya getini. Kisha akawa anatafuta soksi moja iliyopotea, na sura yake ikabadilika.

"Mimi siwezi kusaini uongo, dada," akasema. "Hao watu wanahakiki kila mwaka. Wanapiga simu, wanatuma mtu. Wakikukosa hapa wanamkatia mtoto msaada katikati ya masomo, na mimi naonekana tapeli. Ila ukikaa, nasaini hata sasa hivi."

Nikamuuliza nikae mpaka lini.

"Si mpaka amalize?"

Alilisema kama mtu anayekukaribisha kiti. Usiku kucha nilitafuta pa kupenyea. Kwa mshonaji hakuna mwenyekiti anayenijua, na hata ningehamia huko kesho, ingekuwa anwani nyingine na Chiriku angeanza upya. Kila nilipogeuka nilikuta ukuta, tena ukuta ambao ni mimi ninayeufuta vumbi.

Asubuhi mwenyekiti akaja, Chiriku akiwa ameshamwita. Ana desturi inayojulikana mtaa mzima: haamini mdomo wa mtu, anataka aone anapolala. Akavua kofia, akanifuata nyuma ya jiko hadi chumbani kwangu, kwenye mitungi ya gesi, ubao wa pasi na baiskeli ya watoto isiyo na gurudumu. Akabonyeza godoro. Akainua shuka. Akatusimulia habari ya bwana mmoja aliyemwonyesha kitanda alichodai amekilalia miaka yote, kumbe karatasi ya bei ya dukani bado imebandikwa. Mama mwenye nyumba alicheka mpaka akashika ukuta. Chiriku, aliyesimama mlangoni, hakucheka.

"Hili limeshika umbo lako," mwenyekiti akasema, ameridhika. Akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia. "Ila wanataka nikuulize mwenyewe. Hapa upo kwa muda, au ndiyo kwako?"

Wote watatu wakanitazama. Jibu la kweli nilikuwa nalo, limekaa kwenye ulimi. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Sema, binti yangu. Siwezi kuandika shingo."

"Ndiyo kwangu," nikasema.

Mama mwenye nyumba akasaini, na muhuri ukagongwa, juu ya ubao wa pasi, kwa kuwa chumba hakina meza. Chiriku akanikumbatia, maneno yake yote yakamrudia kwa mpigo mmoja, nikamwambia akimbie awahi ofisini. Habari ya mshonaji sikumwambia. Ningemwambia angeirudisha ile barua, namjua.

Mama mwenye nyumba alibaki chumbani. Nadhani hakuwahi kusimama humo kwa muda wote huo. Alitazama dari, akatazama doa la unyevu nyuma ya mitungi, akasema hapana, kama ni kwangu basi pawe kwangu kweli: baiskeli itoke, na Jumamosi ataleta mtu apake rangi. Akaniuliza napenda rangi gani. Alisubiri jibu kwa moyo mweupe kabisa, kiganja chake kikipapasa ukuta.

Nikamwambia yoyote isiyoonyesha uchafu haraka.

"Umesema vizuri," akasema, "maana hatutapaka tena leo wala kesho."