Sebule ya Watu Ishirini na Wanne

Binti yake Bi Zhor alituma picha kutoka Ubelgiji: sebule nyeupe, kochi moja, meza ya kioo. Mama naye aishi kisasa, alisema. Ijumaa hiyo fundi Bouazza akaja na wenzake wawili, Hamou akiwa mmoja wao, kung'oa makochi marefu ya mbao yaliyozunguka kuta. Marehemu mumewe Bi Zhor ndiye aliyeyaweka, baada ya kuvunja chumba cha pili ili sebule ipokee wageni ishirini na wanne kwa mpigo.

"Tuanzie wapi, Bi Mkubwa?"

"Mtaanzaje Ijumaa na njaa? Kaeni, kuskusi iko tayari. Wala msibanane, nafasi tele."

"Nafasi hii tungemwozesha hata Hamou," Bouazza alisema, "na wakwe wote wakakaa!"

"Anza kuoa wewe, mzee mzima," Hamou akamjibu.

Bi Zhor alicheka. Sinia lilikuwa kubwa, kama la zamani. Wanaume walikula kona moja, wakashukuru, na kuskusi ikabaki zaidi ya nusu. Yeye alikuwa mahali pake pa kila siku, karibu na dirisha. Hapo godoro la sufi la kochi lilikuwa limebonyea. Kwingine kote lilikuwa limetuna, kama siku liliposhonwa.

"Ng'oeni yote," alisema hatimaye. "Mniachie hapa tu, pa watu wawili."

"Wawili? Wewe na nani, Bi Mkubwa?"

"Binti yangu. Akija, atakaa wapi?"

Bouazza hakutania tena. Alichukua chaki, akapima pa watu wawili, akaongeza kidogo.