Taa ya Bikira na Pampu Tatu Marehemu

Nyumba yetu iko katika mji wa Isabela, na bahari iko nyuma yake, karibu kiasi kwamba upepo ukivuma chumvi inaganda kwenye madirisha. Baba haendi huko. Anasema mchanga unamwingia viatuni. Bahari yake iko sebuleni, ndani ya tangi la kioo refu kama jeneza la askofu, lenye matumbawe, samaki, na kikompyuta kinachomweleza kwenye simu habari za maji yaliyo mbele ya pua yake.

Pampu, hita na taa za tangi zote huchomekwa kwenye ekstensheni nyeupe yenye safu mbili za soketi. Kikompyuta ndicho kinachoamua soketi ipi iwake na ipi izimwe. Baba ni mwenyekiti wa chama cha wafuga matumbawe wa upande wetu wa kisiwa, na hakuna mkutano unaopita bila yeye kusema, "Anayechomeka pampu ukutani hafugi samaki, anacheza kamari."

Jumapili moja umeme ulikatika asubuhi, kama ulivyozoea, kisha ukarudi kwa kishindo. Mtaa mzima ukapiga kelele, "Umerudiii!" Taa za tangi zikawaka. Pampu kubwa, ile inayozungusha maji yote, ikanyamaza. Maji yakatulia kama supu iliyosahauliwa mezani, na maji yakitulia hayashiki hewa.

Wa kwanza kuhangaika alikuwa Monsinyori. Huyu ni samaki wa zambarau kama joho la Kwaresima, mwenye mkia wa manjano. Kila kitu ndani ya tangi ni cha Baba, lakini Monsinyori ni wa Mama. Amekula mkononi mwake tangu mimi niko shule ya msingi. Sasa alikuwa juu kabisa ya maji, anafungua na kufunga mdomo.

"Eleuterio, samaki wangu anakufa," Mama alisema.

"Hafi." Baba alikuwa anatazama simu. "Hapa inaonyesha pampu inafanya kazi."

"Hapo ndani ya simu?"

"Ndiyo, mke wangu."

"Basi mhamishie samaki humo."

Mama alikuwa na ubatizo wa mjukuu wa dada yake, na yeye ndiye mama wa ubatizo, kwa hiyo hakuwa na nafasi ya kubishana. Alinipa jagi, akaniamuru nichote maji na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa, akaenda kuoga. Nikawa pampu ya nyumba. Nilichota na kumwaga mpaka bega likafa ganzi, huku Baba akiita viongozi wa chama.

Walikuja wawili, na mfuko wa alkapuria za moto, vile vitafunio vya ndizi na nyama vya kukaanga. Daktari Aristides ni daktari wa moyo aliyestaafu, ila hajastaafu kutoa hukumu. Onofre ana duka la matairi na husema kila kitu kama anayejaza upepo.

"Kwanza tupime soketi," Onofre alisema, mafuta yakimchuruzika kidevuni. "Leteni taa yoyote."

Wakatazama huku na huku. Kwenye kona ya Mama ya sala kulikuwa na kitaa cha plagi, kidogo kama kidole gumba, kinachomwangazia Bikira. Onofre akajifanyia ishara ya msalaba, akakichomoa, akakichomeka kwenye soketi ya pampu. Kikawaka.

"Soketi nzima!" akatangaza.

"Basi ni pampu," Daktari akasema. Akaitoa pampu majini, akaitegea sikio, akatikisa kichwa. "Imetutoka."

Wakailaza juu ya taulo. Baba akatoa ya akiba kabatini, haijawahi kutumika. Wakaichomeka; kimya. Daktari akaitegea sikio. "Na hii pia. Pengine ilikuwa na tatizo la kuzaliwa nalo." Onofre akakimbia kwake, akarudi na ya tatu, iliyokuwa inazunguka vizuri kwenye tangi lake mwenyewe dakika chache nyuma. Nayo ikagoma.

"Ilishtuka njiani," Daktari akasema.

Sasa marehemu walikuwa watatu kwenye taulo moja. Baba akawapiga picha na kuituma kwa wanachama wote, na simu ikaanza kulia kwa pole.

"Baba," nilisema, jagi mkononi, "mbona taa na hita za safu ya pili zinafanya kazi? Jaribu pampu kule."

"Mwanangu, zile soketi zina majina yao kwenye programu. Ile ni ya taa. Utamlazaje mtu kwenye kitanda cha mwenzake?"

"Ngoja tuhakikishe jambo moja," Onofre akasema, akikirudisha kitaa kwenye soketi ya pampu. "Mwenyekiti, izime hiyo soketi kwa simu."

Baba akabonyeza. Simu ikasema imezimwa. Kitaa cha Bikira kikaendelea kuwaka vilevile.

Nilidhani sasa wataelewa. Wakatazamana kwa heshima.

"Soketi hii ni nzima mno," Onofre akasema polepole. "Haizimiki."

Wakati huo Mama alitoka chumbani amevaa gauni la kanisani, nywele zinadondosha maji, kikausha nywele mkononi. Alimtazama Bikira aliyekaa gizani. Kisha akatazama tangi. Monsinyori hakuwa tena juu. Alikuwa amelala ubavu kwenye mchanga, na shavu lake lilipanda na kushuka kwa shida.

"Soketi ipi hiyo iliyo nzima mno?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hii hapa, shemeji," Daktari akasema.

"Vizuri. Ikaushe nywele zangu."

Baba akaiwasha tena kwa simu. Mama akachomoa kitaa, akachomeka kikausha nywele. Hakikuvuma hata kidogo.

"Loo, na hicho nacho," Daktari akaanza, "ule mshtuko wa umeme—"

Mama hakumngoja amalize masikitiko. Alikwenda kwenye soketi ya ukutani, akachomoa friji ndogo ya bia zao, akachomeka kikausha nywele. Kikanguruma, kikapeperusha mfuko wa alkapuria hadi chini ya kochi.

Ndipo hata mimi nilipoelewa. Kile kishindo kilikuwa kimeunguza safu nzima ya soketi, ikabaki inavujisha uzi tu wa umeme: unatosha kitaa cha ukubwa wa kidole gumba, hautoshi kitu chenye kazi ya kufanya.

Mama aliokota marehemu wa kwanza kwenye taulo, akamrudisha majini, akamchomeka ukutani. Pampu ikafufuka. Mapovu yakapanda, matumbawe yakaanza kuyumba.

Simu ya Baba ikapiga king'ora.

"Inasema pampu imezimika," Baba akasema, akimwonyesha Mama kioo chekundu, huku maji yakimrukia kwenye shati.

Mama akanyoosha kiganja. "Nipe." Akamgeukia Daktari. "Na yako." Akamgeukia Onofre, ambaye aliitoa bila kuambiwa. Zote tatu akazitumbukiza mkobani.

"Naenda kushika mtoto wa watu na nywele zinachuruzika," alisema. "Nyinyi kaeni hapa mumtazame. Kwa macho. Akifa, Eleuterio, usinitumie ujumbe."

Akatoka. Hakutazama tangi tena, nadhani hakuweza.

Wazee watatu wakaketi mbele ya kioo, hawajui mikono yao waiweke wapi. Mwanzoni walikohoa tu. Kisha Daktari akaanza kuhesabu pumzi za Monsinyori chini chini, na nikamsikia daktari wa kweli aliyekuwa zamani. Onofre akafuta ukungu wa pumzi zake kwenye kioo. Baba aliweka paji la uso kwenye kioo.

"Sikujua ana kovu pale kwenye pezi," alisema.

"Anapumua vizuri zaidi," Daktari akamjibu. "Ngoja. Ngoja kidogo."

Mkia wa manjano ukatikisika. Monsinyori akainuka nusu, akaanguka, akainuka tena, akasimama wima kwenye maji kama mlevi anayekataa kushikwa. Akapiga mkia, akaenda.

Baba akapapasa mfuko wa shati. Hakukuwa na simu. Akanitazama, akatazama mlango, na mtu huyu asiyetembea hadi pwani akatoka mbio na kandambili zake. Nikamfuata. Tulifika kanisani padre akiwa ameinua maji juu ya kichwa cha mtoto, na Mama amemkumbatia, bega la gauni limelowa. Baba hakuthubutu kupaza sauti. Alisimama mlangoni, akihema kama samaki, akainua mkono wake mmoja, akaulaza ubavu, kisha polepole akauinua wima na kuuogelesha hewani, kulia, kushoto, kulia.

Mama alimwona. Akashusha kichwa juu ya mtoto, na watu wakadhani analia kwa ajili ya ubatizo.