Kisiwa Kilichofuata Kivuko

Kivuko cha Jumanne kiliondoka kisiwa cha Bwasika saa mbili na robo asubuhi, kikiwa na abiria arobaini na mmoja, magunia ya dagaa, mbuzi watatu na baiskeli ya mwalimu. Kilikuwa kinakwenda Musoma. Ghati, mama wa miaka sitini na miwili kutoka Butiama, alikaa benchi la nyuma kabisa. Pembeni yake alikaa Nyamburi, mtoto wa kike wa miaka mitano, amevaa viatu vipya vilivyomzidi kidogo. Ghati alivinunua kwa kukisia. Alimshika mtoto mkono, na hakuushika kwa utani.

Alikuwa amemfuata mtoto huyo kwa haki, na barua alikuwa nayo. Ghati hakujaliwa kuzaa. Mumewe alipofariki, alifanya kama wafanyavyo wanawake wa kwao waliokosa mtoto: alipeleka ng'ombe wanane kwa mzee mmoja huko Bunda, akamwoa binti yake, Wegesa, awe mke wa nyumba, amzalie watoto watakaobeba jina la marehemu. Nyumba ntobhu, ndivyo wanavyoiita. Wegesa alikuwa na miaka kumi na sita. Hakuna aliyemuuliza, na wengi hawakujua kwamba hilo lilikuwa jambo la kuuliza. Akamzaa Nyamburi na mwanamume aliyechaguliwa na Ghati. Mwaka juzi akampenda mvuvi aitwaye Machibya, akambeba mtoto mgongoni, akahamia naye Bwasika.

Wazee walikaa, wakasema mtoto ni wa nyumba iliyotoa ng'ombe. Ikaandikwa barua. Mwenyekiti wa kisiwa aliisoma, akaisoma tena, akasema sawa. Muhuri ulikuwa umekaa vizuri, na muhuri ukikaa vizuri watu wengi huona hakuna la kuongeza.

Dakika ishirini baada ya kuondoka, nahodha Florian aligeuka nyuma, akaona mwalo wa Bwasika, pale walipopandia, uko mita moja nyuma ya chombo. Akaitazama mashine; ilikuwa inafanya kazi. Akatazama maji, yalikuwa yanapita pembeni. Akatazama mbele, vilima vya Musoma vilikuwa vinakuja. Akaongeza mwendo kidogo. Kisiwa nacho kikaongeza, pamoja na migomba yake, kanisa lake la bati na kamba za kuanikia nyavu.

"Tumeondoka ama hatujaondoka?" aliuliza Gaudensia, mchuuzi wa dagaa.

"Tumeondoka," alijibu Baltazari, mkata tiketi. "Ila hii kisiwa nayo imeondoka."

"Sasa mimi nikishuka hapo, nitakuwa nimeshukia wapi?"

Baltazari alifikiri. "Mimi nakataga tu tiketi, mama."

Abiria walichanganyikiwa, kila mmoja kwa namna yake. Wawili walishuka wakidhani bado wako Bwasika, na hawakukosea. Mwalimu alikumbuka kwamba amesahau chaja, akaruka, akaenda kwake, akarudi nayo, na njiani akamkemea mwanafunzi mtoro. Mama lishe mmoja wa kisiwani alileta birika ukingoni, akauza vikombe kumi na vinne vya chai. Huyo ndiye pekee ambaye hakuona ugumu wowote.

Wegesa alikuwa amesimama kwenye mbao za mwalo tangu kivuko kilipoondoka. Mikono yake ilikuwa bado inanuka sabuni aliyomwogeshea mtoto. Kati yake na Nyamburi palikuwa na maji ya hatua moja.

"Nipande," alimwambia Baltazari.

"Chombo ikishaondoka hatupandishagi mtu, dada."

"Mwalimu si amepanda?"

"Mwalimu ana tiketi."

"Nikatie na mimi."

"Tiketi tunakataga kabla ya kuondoka."

"Kwani mmeondoka?"

"Tumeondoka. Angalia mwenyewe."

Wegesa aliangalia. Maji yalikuwa yanakatika pande zote mbili, na pale Bwasika ilipokuwa jana palikuwa mbali nyuma, ziwa tupu. 

"Wegesa," aliita Ghati.

"Naam, mama."

"Mimi sijakufukuza. Chumba chako kiko. Rudi nyumbani ukae na mtoto wako."

"Nitarudi kama nani?"

"Kama mke wa nyumba. Ng'ombe zilienda kwa baba yako, zikazaa, zikazaa tena."

"Mimi sikuwaga na haja na hizo ng'ombe, mama."

Ghati hakuwa mtu mbaya, na jibu hilo lilimchoma. Aliikumbuka nyumba yake ya vyumba vinne ambayo sauti pekee ndani yake ilikuwa ya redio. Alimwonea Wegesa huruma, akajionea na yeye huruma, na hizo huruma mbili hazikupatana. Akavua khanga begani, akaizungusha kiunoni mwa mtoto na kiunoni mwake, akafunga fundo.

Nyamburi alinyoosha mkono uliobaki. Wegesa naye alinyoosha wake, vidole vikafikiana. Walisafiri hivyo saa moja na nusu, bibi upande huu, mama upande ule.

Kule Mwigobero, kwenye gati la Musoma, mpokea vyombo, Mugeta, alikiongoza kivuko mahali pake, kisha akakipungia kisiwa kisogee kushoto kisizibe njia ya mitumbwi. Kisiwa kikasogea. Watu wa Bwasika wakashuka kwenda sokoni na ndala zao, na saa sita hivi nyanya zilikuwa zimeshapanda bei.

Wegesa naye alishuka, akawafuata Ghati na mtoto hadi kwenye gari la Butiama. Mugeta alimwomba Ghati barua, akaisoma kwa sauti. Ilisomeka vilevile kama ilivyosomeka kisiwani.

"Dada," alimwambia Wegesa, "humu hawajaandika kwamba kisiwa ikija, mtoto abaki."

Gari liliondoka, likapita Nyasho, likashika barabara ya Butiama. Kisiwa kilijaribu. Kilipanda nchi kavu hatua sita, hadi kwenye meza za wauza sato, kikakwama hapo. Wauza sato walihamisha meza zao. Halmashauri iliandika kuuliza kisiwa hicho sasa ni cha nani, na jibu linasubiriwa. Wegesa huenda Butiama kila Ijumaa. Wazee humkaribisha uji, humsomea barua, humsindikiza stendi kabla hajamwona mtoto.

Nyamburi anakula vizuri, na jina la marehemu linaitwa tena katika nyumba ile. Ghati amemnunulia viatu vingine, safari hii vya kipimo. Kila asubuhi mtoto humuuliza kama wamefika.

"Tulishafika, mama," Ghati humjibu.

"Mbona mama yangu hajashuka?"

Ghati huenda kuwasha redio. Nyamburi huvaa viatu vyake, hukaa kizingitini akishikilia mwimo wa mlango kwa mkono mmoja, na husubiri kuambiwa kwamba sasa wanaweza kushuka.