Kahawa Hukataliwa Mara Mbili

Mimi ndiye niliyeandaa ule mkutano, msije mkasikia vingine. Vipeperushi nilichapisha mimi, viazi vya nyama ya kusaga nilioka mimi, na nesi Corinne wa wilayani nilimbembeleza mimi hadi akakubali kuja Jumapili baada ya ibada, kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa letu. Majira yale ya baridi wafugaji wawili wa ng'ombe wa maziwa walikuwa wamejiua, wote wa hapa hapa kwetu Wisconsin, si mwendo wa nusu saa. Nasi tukawapelekea wajane keki, tukanyamaza. Nilikuwa nimechoka kuoka keki za misiba.

Wanaume walifuata viazi, sijidanganyi.

"Ardis, umetuletea daktari wa vichaa?" Lyle akanipigia kelele, sahani imemjaa. "Mwambie aanze na mke wangu!"

"Ataanza na wewe, na asipokumaliza leo atarudi kesho," nikamjibu. "Kaa chini ule."

Wakacheka. Corinne akanipa kipeperushi niwasomee, maana sauti ninayo. Nikaanza kusoma dalili za mtu aliyezidiwa: halali, anajitenga na wenzake, chakula hakimshuki. Nikafika ya nne. "Anagawa vitu anavyovipenda."

Nikakishusha kipeperushi. Nje, ndani ya pikapu yangu, alikuwamo mbwa wa Orrin Kvamme.

Orrin ni jirani yangu, shamba kwa shamba. Miaka thelathini na minane amekamua ng'ombe alfajiri na jioni, hata siku aliyomzika mkewe. Alhamisi ya wiki ile ng'ombe wake wote walipigwa mnada. Tulikwenda sote, tukala, tukampigapiga mgongoni. "Sasa utalala mpaka jua likuchome!" Mimi ndiye niliyesema hivyo, na nilijiona mcheshi. Halafu Jumapili ile, kabla ya ibada, akaja mlango wangu wa nyuma na mbwa wake Tasha, na blanketi la Tasha, na bakuli la Tasha. "Kaa naye kidogo," akasema. Nikamuuliza, "Uko sawa?" Akasema, "Niko sawa." Nikapokea kamba ya mbwa, nikarudi kwenye viazi vyangu.

Hapa kwetu ukikaribishwa kahawa unakataa. Ukikaribishwa tena, unakataa tena. Ya tatu ndipo unavuta kiti, na anayekuuliza mara moja tu basi hakutaki nyumbani kwake. Kahawa tunaulizana mara tatu, na Orrin nilimuuliza mara moja! Mjinga mkubwa mimi, na vipeperushi vyangu.

Nilimvuta Corinne pembeni nikamweleza.

"Nenda sasa hivi," akasema. "Muulize waziwazi, neno lenyewe. Hutamtia wazo ambalo hana. Usimwache peke yake, mpigie 988, ile namba ya kuwasaidia wanaotaka kujiua. Nami nakuja nyuma yako."

Maili mbili za matope, mbwa analia njia nzima. Pikapu ya Orrin ilikuwa uani. Jikoni kumeoshwa mpaka kunang'aa, na mezani amepanga funguo, kila mmoja juu ya kikaratasi chake: trekta, banda, nyumba. Kikaratasi cha mwisho kiliandikwa "kabati la bunduki." Hakikuwa na ufunguo.

Nilikimbia hadi bandani, mimi wa miaka sitini na saba, magoti haya haya.

Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya safu ya vizimba vitupu, mkono mfukoni.

"Ardis. Mkutano umeisha?"

"Viazi vimeisha. Uko sawa?"

"Niko sawa."

"Orrin, nakuuliza, uko sawa?"

"Si nimeshasema, dada? Rudi kwa watu wako." Akainuka hata, akanionyesha mlango, kwa adabu kama kawaida yake. Na adabu zetu zilitaka niondoke. Nilitamani kweli kuondoka.

"Orrin Kvamme, unataka kujiua?"

Theluji ya paani ilikuwa inayeyuka, inadondoka tu.

"Ndiyo," akasema. "Leo." Kisha akakaa tena, akalia, mzee mzima, mabega yanaruka. "Naamka saa kumi alfajiri, Ardis. Navaa buti. Halafu sijui niende wapi."

Nilinyoosha mkono. "Nipe huo ufunguo."

Alichelewa kuutoa. Nami mkono sikuurudisha. Mwishowe aliutoa mfukoni akanipa, ulikuwa wa moto.

Nikapiga ile namba, nikamshikisha simu. Binti aliyepokea akamuuliza jina, Orrin akalitaja. Akazungumza naye muda mrefu, nami nimemshika mkono wa koti lake nisimwachie. Alipomaliza, Corinne akanipigia: matope yamemkwamisha, Lyle anamvuta kwa trekta, wakifika, wote wawili watampeleka Orrin kwa daktari. Nikamtoa Tasha kwenye pikapu, tukaenda kuwangojea jikoni. Tasha akalala juu ya miguu ya bwana wake, hainuki.

Orrin akajifuta uso kwa kiganja. Akaitazama birika, akanitazama mimi.

"Utakunywa kahawa?"

"Ndiyo," nikasema, mara ya kwanza, nikavuta kiti.