Maneno Machungu kwa Mwoka Mikate

Mwanamke nisiyemfahamu alisimama mlangoni petu asubuhi moja, unga umemganda viwikoni, na kabla mama hajamkaribisha akauliza, "Hapa ndipo anapokaa yule binti aliyesomea kukata tamaa?"

Mama aliacha kufagia. "Ndipo, na mwenyewe ni huyu. Kazi bado hajapata, lakini kukata tamaa anako, tena kwa cheti."

Wakacheka wote wawili kana kwamba walilelewa pamoja. Mimi nikaeleza, kwa uzito wa mtu aliyehitimu juzi, kwamba nilichosomea ni maandiko ya hekima ya Waebrania wa kale, hasa yale ya giza: yule aliyelaani siku aliyozaliwa, na yule mwingine aliyezitazama kazi zote za binadamu akaona zinapita kama mvuke.

"Huyo huyo wa mvuke," mgeni akasema, na kicheko kikafutika usoni mwake. "Kaka yangu anamtaka."

Kaka yake alikuwa mwoka mikate wa mtaa wa nyuma, na alikuwa amefiwa na mkewe. Tangu msiba ule alioka kila alfajiri kama kawaida, lakini yeye mwenyewe hakutia kitu mdomoni zaidi ya chai. Suruali sasa aliifunga kwa kamba. Wageni walimletea maneno matamu: kila jambo lina sababu, marehemu yuko mahali pema. Yeye aliwaomba kitu kimoja tu, wamsomee yule mzee wa mvuke aliyewahi kumsikia ujanani, maana macho yake yalikuwa hayaoni tena herufi ndogo. Wote walikataa. Humpi mgonjwa sumu, walisema.

"Na mimi naogopa," mwanamke alisema. "Nisipomletea, ananyauka. Nikimletea, huenda nikammaliza. Wewe uliyesoma, niambie: yale maneno yanaua?"

Sikujua. Chuoni niliandika kurasa nyingi kuonyesha kwamba giza la wenye hekima wale lilikuwa mlango tu wa kuingilia kwenye matumaini. Nilihitaji iwe hivyo. Mimi hata filamu ambayo mbwa anakufa siwezi kuimaliza. Mwalimu wangu aliandika pembeni, kwa kalamu nyekundu: Mbona unaharakisha kutoka?

"Nitakuja kumsomea mwenyewe," nilimwambia.

Alfajiri iliyofuata nilikwenda. Chumba cha tanuri kilikuwa chembamba, kuta zimepauka kwa unga. Mwoka mikate alinisogezea kigoda, akaendelea kukanda. Nikasoma. Jua likachwa, likarudi mbio kulekule lilikotoka. Mwerevu akafa, mjinga naye akafa. Kila nilipomaliza kipande cheusi nilivuta pumzi nianze kueleza upande wake wa nuru.

"Usikimbilie huko, mwanangu," akasema bila kuinua kichwa. "Kaa hapa kidogo."

Nikakaa. Nilipofika pale ambapo mtu anavuja jasho maisha yake yote, halafu matunda yanamwendea asiyeinua hata kidole, mikono yake ikasimama juu ya donge.

"Lo! Kumbe na yeye alikuwa na shemeji!"

"Kaka!" dada yake akaita kutoka dukani. "Mume wangu amekukosea nini?"

Akacheka. Kicheko kilikuwa kikavu, kama bawaba iliyoshika kutu, kikageuka kikohozi, kisha machozi. Yalidondokea unga, naye akayakanda humo humo. Baadaye dada aliniambia kwamba hata makaburini hakuwa amelia.

Nikiwa nimekaa pale, nikaanza kumwelewa yule mzee wa kale. Hakuyachukia maisha. Nani hulalamikia ufupi wa kitu asichokipenda? Aliyapenda mno, ila alikataa kujidanganya kwamba yatabaki. Nilimwambia mwoka mikate hivyo, polepole, nikihofia kwamba nimeharakisha tena.

Aliligeuza donge. Kisha akasema, "Mke wangu alikuwa anaimba vibaya. Kila asubuhi, hapo hapo ulipokaa. Vibaya kabisa. Nikawa namwambia anyamaze."

Kurasa chache zilibaki.

"Kesho utanimalizia?"

"Nitakumalizia, baba."

"Watu husema hivyo."

"Mimi nitakuja."

Jioni ile simu ikalia. Shule moja ya mji wa mbali ilikuwa na nafasi ya mwalimu, ile niliyoililia tangu nihitimu. Usaili ulikuwa kesho asubuhi, na basi la kwanza lingeondoka alfajiri, saa ile ile mwoka mikate anapokanda. Niliomba wanisogezee hata hadi mchana. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya upole: waombaji ni wengi, dada.

"Mwoka mikate ni mtu mzima," mama alisema. "Ukimweleza ataelewa."

"Najua, mama. Kila mtu amemweleza."

Alitikisa kichwa, akaenda kulala. Lakini alfajiri aliniamsha mwenyewe, na viatu alivyoniwekea mlangoni vilikuwa ndala zangu za kila siku.

Basi lilipita barabarani nikiwa ninasoma juu ya uzee, macho yanayofifia na milango ya mtaani inayofungwa. Vioo vya dirisha vikatetemeka. Nikashikilia mstari kwa kidole mpaka muungurumo wake ulipopotea.

Mwoka mikate aliacha kukanda. Alifungua tanuri, akatoa mkate, akaumega ungali unafuka. Kipande kimoja akaniwekea mapajani. Kingine alikishika mkononi, akakitazama muda mrefu, kisha akauma.

"Endelea," akasema, mdomo umejaa.