Kikohozi cha Lori la Igowole

Kwa wiki tano nzima Othmani hakuwa na mazungumzo mengine ila injini. Ukimsalimia alikuitikia kwa injini, ukimuuliza habari za nyumbani alikwambia habari za silinda. Watu wa Mbeya waliokuwa na haraka zao walianza kumkwepa njiani, na wale wasiokuwa na haraka walikaa wakamsikiliza, maana raha ya kumsikiliza Othmani akibishana na nafsi yake ilikuwa kubwa na haikuhitaji kiingilio.

Lori lake lilikuwa la jeshi, lililobaki baada ya vita ile kubwa. Lilikuwa na uso bapa, turubai mgongoni, na magurudumu yote manne yalivuta. Alikuwa amelipaka rangi mara tatu, lakini namba nyeupe za kijeshi zilirudi kuchungulia mlangoni kila mvua iliponyesha. Injini yake ya petroli ilikufa mwezi wa pili, mwaka wa hamsini na nne, pale Igawa, baada ya chuma kimoja cha ndani kukatika na kuutoboa ubavu wake wenyewe. Othmani alisimama barabarani akayatazama mafuta yakimwagika mchangani, na nusura amwage machozi.

Injini hiyo ilikuwa na tabia moja. Kila ilipofika chini ya kilima cha Igowole na Othmani akashusha gia, ilikohoa mara mbili halafu ikapiga mluzi: kho! kho! fyuuu! Gideoni, fundi wa Iyunga, alikuwa amejaribu kukitibu kikohozi hicho mara nne akashindwa.

Ni Gideoni huyohuyo aliyepata injini mbili za kuchagua. Ya kwanza ilikuwa ya petroli, silinda sita, ndugu wa tumbo moja na ile marehemu. Ya pili ilikuwa ya dizeli, iliyowahi kuendesha msumeno wa mbao huko milimani. Alizipanga juu ya magogo chini ya bati la karakana yake, zikakaa bega kwa bega kama wachumba wawili walioletwa siku moja. Kila asubuhi Othmani alikuja kuzizunguka, mikono nyuma, kofia imeinamia nyusi.

Kwenye mlango wa lori aliandika kwa chaki. Upande wa petroli: huwaka upesi baridini, ni nyepesi, inaingia bila kukata chuma, ina kiu mbaya, inakohoa. Upande wa dizeli: hunywa nusu ya mwenziwe, huvuta mlima, ni nzito, haina mbio, hununa asubuhi. Kesho yake alifuta, akaandika upya yaleyale.

"Bwana Othmani," Gideoni alimwambia, "mimi niliendesha lori kama hii Bama, vitani, matope mpaka hapa." Alionyesha kiunoni. "Petroli ikiona mlima inaita mama yake. Dizeli inapanda tu."

"Inapanda inanguruma kama kinu, fundi."

"Ingurume! Wewe unabeba mizigo au unabeba kwaya?"

Pengine wangebishana mpaka leo, kama si barua iliyotoka Igowole. Ilikuwa na mwandiko wa Damari, mama wa Kihehe aliyekuwa katibu wa chama cha wakulima wa pareto kule. Damari hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliandika kwamba maua yaliyokauka yamejaa ghala, kwamba wamemngoja Alhamisi tano, na kwamba ya sita ndiyo ya mwisho. Asipofika na kupakia kabla ya saa sita mchana, lori la Bwana Alawi wa Iringa litakuja kuchukua mzigo huo, na mizigo yote ya baadaye.

Othmani aliisoma barua mara mbili. Njia ya Igowole ilikuwa yake kwa miaka sita. Ndiyo iliyoijenga nyumba yake na kumsomesha binti yake Jaha, na ndiyo iliyomfanya aitwe Othmani wa Lori badala ya Othmani tu. Bila Igowole lori lile lingebaki banda la kuku.

Mkewe, Mwantumu, alikuwa akichambua mchele. Hakuinua hata kichwa.

"Baba Jaha, mwezi na zaidi nakula na injini, nalala na injini. Kesho chagua. Usipochagua, naenda Iyunga mimi mwenyewe, nafumba macho kwa kanga yangu, na nitakayoigusa ndiyo hiyo."

Othmani alimjua mkewe. Jioni ileile alikwenda Iyunga akachagua dizeli.

Kuiingiza kulichukua siku nne za nyundo na matusi. Gideoni alikata chuma cha mbele, akaisogeza radieta shubiri nzima, akaongeza jani moja kwenye kila springi ili pua ya lori isilale chini kwa uzito. Boneti ilikataa kufunga, wakaifunga kwa mkanda wa ngozi. Honi ilikuwa bubu tangu lori lilipotoka jeshini.

"Niitengeneze?" Gideoni aliuliza.

"Honi ya nini? Miaka sita sijawahi kupiga honi Igowole, na kila nikifika nakuta magunia barabarani."

Hilo lilikuwa kweli, na Othmani alijivunia. Pareto kavu haipendi unyevu, na ukungu wa Mufindi haupigi hodi. Kwa hiyo magunia yalikaa ghalani mpaka lori lisikike chini ya kilima, ndipo watu walipoyabeba kuyateremsha barabarani. Othmani alipotokea juu, kila kitu kilikuwa tayari, na birika la chai likichemka. Aliuona huo kuwa ukarimu wa kawaida wa watu wema, wala hakuwahi kujiuliza wanajuaje kuwa anakuja.

Waliondoka Mbeya Jumatano, yeye na Gideoni, aliyesema hawezi kumwacha mgonjwa wake asafiri peke yake. Walilala Makambako. Alfajiri ya Alhamisi ilikuwa ya baridi ya kukata masikio, na dizeli ilinuna kama ilivyoandikwa. Gideoni aliimwagia radieta debe la maji ya moto, akaivika blanketi lake mwenyewe, akaibembeleza kwa Kinyakyusa. Mara ya tano ikanguruma.

"Ndaga fijo," Gideoni akaishukuru, akapanda.

Kwenye tambarare ilikwenda polepole, na Othmani akaanza kujuta. Lakini walipoacha njia kuu na kuingia vilima vya Mufindi, majuto yakamwisha. Pale ambapo petroli ililia kwa gia ya kwanza, dizeli ilipanda kwa gia ya tatu. Othmani alipiga usukani makofi. Kilima cha Igowole chenyewe walikipanda akiimba kwa sauti, na ilikuwa saa nne tu ya asubuhi.

Juu hapakuwa na mtu.

Othmani alizima injini akashuka. Barabarani hapakuwa na gunia hata moja. Ghala lilikuwa na kufuli. Birika lilikuwa juu ya mafiga likitoa mvuke, na jembe lilikuwa limetupwa katikati ya njia. Alichungulia kwenye ufa wa mbao za ghala, akayaona magunia yamejaa mpaka darini.

"Wamenifungia mlango," alisema. "Wamenikasirikia, fundi. Wanamngoja Alawi."

Akaita. "Mama Damari! Ni mimi, Othmani!" Akaita tena, kwa nguvu zaidi, na kuku tu ndio waliomtazama. Alikaa kwenye ngazi ya lori akashika tama. Miaka sita aliwabebea watu hawa mizigo, akawaletea chumvi, barua, na mara moja hata bibi harusi, na leo hawakutaka hata kumtazama usoni. Iliuma sana.

Gideoni hakukaa. Alizunguka akitazama chini kama polisi, akarudi akitabasamu.

"Bwana Othmani, mtu amekasirika anaondoka kwa kutembea. Hawa wamekimbia. Nyayo zote zinaingia kwenye miwati ile." Akaonyesha msitu wa miwati upande wa pili wa bonde. "Kule chini umeona barabara imerekebishwa juzi? Nani alirekebisha?"

"Wanakijiji, nadhani. Hukusanywa kwa nguvu na lori la serikali la barabara."

"Na lori ya barabara ina injini gani?"

Othmani aligeuka akalitazama boneti la lori lake. Katika vilima vyote vile dizeli ilikuwa moja tu, ya lori hilo la barabara, na ilipopanda kilima ilikuja kuchukua watu wa kushika sepetu. Wiki tano alikuwa amelinganisha kiu, uzito, nguvu na baridi, akajaza chaki mlango mzima, na hakuwahi kufikiria kuwa kuna watu wanaosikiliza.

Alitazama jua. Kisha akatazama msitu. Halafu akavua viatu, akapanda juu ya boneti yenye mkanda wa ngozi, mtu mzima mwenye binti wa kuozesha, akaishikilia kofia kwa mkono mmoja na kuvuta pumzi.

"Kho! Kho!" akakohoa, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Fyuuuuu!"

Gideoni aligeuka akatazama pembeni kwa heshima.

"Kho! Kho! Fyuuuuu!"

Ndani ya miwati kicheko kimoja kiliponyoka, cha mwanamke, na mara kikafuatwa na vingine kumi. Matawi yakatikisika. Watu wakaanza kutoka, mmoja mmoja, wengine wamejipaka tope, mzee mmoja amebeba kiti chake. Mbele yao alikuja Damari, majani kichwani, akifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kitenge.

"Kamwene, Bwana Othmani!"

"Kamwene, mama. Niliwaita kwa jina langu, hamkunisikia?"

"Tulisikia. Juma iliyopita mnyapara ya barabara alikuja, akaita watu kwa majina yote, tena kwa sauti tamu. Tulishika sepetu siku tatu. Saa hizi jina haitoshi." Alilizunguka lori, akalitazama lile boneti. "Sisi tulingoja ile kikohozi yako tangu alfajiri. Ikija, tunatoa magunia. Imekuja hii dude, tumekimbia. Yule mgonjwa yuko wapi?"

"Alikufa Igawa."

"Pole," Damari alisema, na alimaanisha. "Tulimpenda."

Ghala likafunguliwa. Magunia yakashuka mkono kwa mkono, na dizeli ikayabeba yote bila springi kulalamika, hata yale kumi ambayo petroli ilizoea kuyaacha yangoje Alhamisi nyingine. Damari aliyaona hayo kumi yakipanda, akatikisa kichwa polepole. Chai ikanyweka. Hata saa sita haijafika turubai lilikuwa limefungwa, na Damari akasema Bwana Alawi akija atakaribishwa chai, basi.

"Lakini sharti," aliongeza, mkono juu ya mlango wa lori. "Kila Alhamisi, chini ya kilima, wewe unakohoa."

"Mama, acha nitengeneze honi."

"Honi kila mtu anayo. Unakohoa."

Gideoni alicheka mpaka akahitaji kushikwa. Kabla ya kupanda alichukua kipande cha chaki, akaenda mlangoni, akasoma ile orodha ndefu, na chini kabisa upande wa dizeli akaandika: dereva anakohoa.

Wakateremka polepole, lori limejaa, breki zikinuka. Kwenye kona ya chini, pale pale aliposhusha gia kwa miaka sita, Othmani aliona aibu kidogo, akamtazama Gideoni, kisha akatoa kichwa dirishani.

"Kho! Kho! Fyuuuuu!"

Na kutoka juu, wake kwa waume, wazee na katibu wao, kilima kizima kikamkoholea.